Huduma za Serikali mtandaoni: Kipimo chake ni safari anayookolewa mwananchi wa Kigoma

Kutoka Kigoma hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 1,200 kwa Reli ya Kati, iliyofika kwenye ufukwe wa Ziwa Tanganyika mwaka 1914. Kwa miongo mingi umbali huo ulikuwa gharama ya kwanza ya huduma za Serikali kwa mkazi wa mkoa huu. Aliyetaka kusajili kampuni, kufuatilia cheti au kuwasilisha maombi ya ajira alilazimika kusafiri, kutuma bahasha au kumtegemea ndugu aliyeko Dar es Salaam amwulizie ofisini. Nauli, malazi na siku za kazi zilizopotea havikuandikwa kwenye stakabadhi yoyote, lakini mwananchi alivilipa.

Leo sehemu kubwa ya shughuli hizo huanzia kwenye simu au kompyuta. Usajili wa majina ya biashara na kampuni kwa Wakala wa Usajili wa Biashara na Leseni (BRELA) umehamia mtandaoni tangu mwaka 2018. Maombi ya ajira serikalini hupokelewa kupitia mfumo wa Sekretarieti ya Ajira, na ya mikopo ya wanafunzi wa elimu ya juu kupitia mfumo wa Bodi ya Mikopo. Hata mwombaji wa pasipoti hujaza fomu mtandaoni kabla ya kufika ofisi ya Uhamiaji kwa ajili ya alama za vidole.

Swali linaloulizwa na wengi ni kwa nini Serikali, hapa nchini na kwingineko, zinaelekea huko kwa kasi. Jibu la kwanza ni fedha za umma. Mwaka 2017 Tanzania ilianza kutumia Mfumo wa Kielektroniki wa Serikali wa Ukusanyaji wa Mapato (GePG), ambapo kila malipo hutolewa namba yake ya kumbukumbu. Mlipaji hulipa kwa benki au kwa simu, na fedha huingia moja kwa moja katika akaunti husika bila kupita mikononi mwa mtumishi. Awali ilikuwa vigumu kwa Hazina kujua kwa siku moja ni kiasi gani kimekusanywa na nani. Sasa hesabu hiyo huonekana papo hapo.

Hata hivyo, mashine peke yake haizuii upotevu. Ripoti za Mdhibiti na Mkuu wa Hesabu za Serikali zimebainisha mara kwa mara kuwa, katika halmashauri mbalimbali, fedha zilizokusanywa kwa mashine za kielektroniki hazikupelekwa benki kwa wakati. Mfumo huacha alama ya kila shilingi iliyopokelewa. Kuifuata alama hiyo na kuchukua hatua kunabaki kuwa wajibu wa viongozi.

Jibu la pili ni mipango. Sensa ya Watu na Makazi iliyofanyika Agosti 2022 ilikuwa ya kwanza nchini kutumia vishikwambi badala ya madodoso ya karatasi. Ilihesabu watu 61,741,120 nchini, na katika Mkoa wa Kigoma watu 2,470,967. Katika msimu wa kilimo wa 2022/23, Serikali ilisajili wakulima kidijitali ili mbolea ya ruzuku imfikie mkulima anayetambulika kwa jina, eneo na ukubwa wa shamba lake. Serikali isiyojua watu wake wako wapi hugawa kwa kukisia, na kukisia huwaumiza zaidi walio mbali.

Jibu la tatu ni kuondoa urudufu. Sheria ya Serikali Mtandao Na. 10 ya mwaka 2019 iliunda Mamlaka ya Serikali Mtandao (e-GA) na kuipa jukumu la kusimamia viwango vya mifumo ya taasisi za umma. Kabla ya hapo taasisi nyingi zilijenga mifumo kila moja kwa namna yake. Ndiyo sababu msisitizo wa viongozi katika miaka ya karibuni umekuwa mifumo kusomana: taarifa ambayo mwananchi ameshaitoa katika ofisi moja isidaiwe tena katika ofisi ya pili.

Sababu hizo tatu zinaeleza faida kwa Serikali. Faida kwa mwananchi hutegemea jambo jingine linalotangulia yote, nalo ni utambulisho. Tangu tarehe 1 Mei 2019, laini za simu husajiliwa kwa alama za vidole na namba ya Mamlaka ya Vitambulisho vya Taifa (NIDA). BRELA humtaka mwombaji raia namba hiyohiyo, na katika maombi ya mkopo wa elimu ya juu cheti cha kuzaliwa hutakiwa kihakikiwe kwanza na Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini (RITA). Mlango ni mpana kwa mwenye namba. Asiye nayo hukuta milango yote imefungwa kwa wakati mmoja, ilhali zamani angeweza kubahatisha huu akashindwa, kisha ule akafanikiwa.

Hapo ndipo Kigoma inapotofautiana na mikoa ya katikati mwa nchi. Mkoa huu unapakana na Burundi kwa nchi kavu na unatazamana na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ng'ambo ya ziwa. Kiha na Kirundi ni lugha zinazosikilizana, koo zina ndugu pande zote za mpaka, na tangu miaka ya 1990 mkoa umepokea mawimbi ya wakimbizi, wakiwamo wa kambi ya Nyarugusu wilayani Kasulu. Kwa hali hiyo uhakiki wa uraia, unaoanzia serikali ya kijiji au mtaa na kufika Uhamiaji, una sababu za msingi za usalama. Lakini una gharama kwa raia halali ambaye lafudhi yake au jina la babu yake huzua maswali ambayo mwombaji wa Singida au Iringa hakutani nayo. Malalamiko ya ucheleweshaji wa namba katika mkoa huu yamesikika hata bungeni. Kadiri huduma zinavyohamia mtandaoni, kila mwezi wa kusubiri unakuwa mzito zaidi: si kitambulisho pekee kinachosubiri, bali pia laini ya simu, biashara, ajira na mkopo wa masomo.

Jambo la pili ni msaada wa kutumia mifumo yenyewe. Mwanga, kitovu cha biashara cha Manispaa ya Kigoma/Ujiji, kama ilivyo kwa miji mingi nchini, foleni iliyokuwa mbele ya ofisi imehamia kwa sehemu kwenye vibanda vya steshenari. Kijana mwenye kompyuta humjazia mwananchi fomu, humfungulia akaunti na humchapishia namba ya malipo kwa ada ndogo. Ni huduma halali na yenye manufaa. Hatari yake ni kwamba nywila ya mwananchi, namba yake ya NIDA na nakala za vyeti vyake hubaki katika kompyuta ya mtu mwingine. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inampa mwananchi haki juu ya taarifa zake. Haki hiyo itakuwa na uzito pale tu mama anayeuza dagaa atakapojua kuwa anapaswa kubadili nywila yake baada ya kusaidiwa, na kwamba nakala ya cheti chake si mali ya aliyemchapishia.

Jambo la tatu ni miundombinu. Kwa miaka mingi Kigoma ilitegemea majenereta ya dizeli kwa umeme wake. Katika vijiji vya mwambao wa kusini wilayani Uvinza, ambako wakazi wengi husafiri kwa boti, mawasiliano ya simu yalichelewa kufika. Mei 2023 Serikali ilitia saini mikataba na kampuni za simu ya kujenga minara 758 katika kata 713 nchini ili kuyafikia maeneo ambayo soko peke yake lisingeyafikia. Mnara ukisimama, safari ya boti kwenda mjini kwa ajili ya fomu moja huweza kukoma.

Majirani na matukio ya karibuni yanafundisha pia kuhusu tahadhari. Mwishoni mwa Julai 2023, mfumo wa eCitizen wa Kenya, unaobeba maelfu ya huduma, ulishambuliwa na wahalifu wa mtandao, na huduma zikiwamo za viza zikakwama. Tarehe 12 Mei 2024, hitilafu katika nyaya mbili za mawasiliano za baharini, EASSy na Seacom, ilipunguza kasi ya intaneti katika nchi kadhaa za Afrika Mashariki, Tanzania ikiwamo. Huduma zote zinapopita katika njia moja, njia hiyo ikiziba wote husimama. Ofisi inayotoa huduma muhimu inahitaji utaratibu wa akiba unaojulikana kwa watumishi na wananchi, ili neno "mfumo uko chini" lisiwe jibu la mwisho kwa mtu aliyetoka mbali.

Kwa hiyo mafanikio ya Serikali mtandao hayatapimwa kwa wingi wa mifumo inayozinduliwa. Kwa mkazi wa Kigoma, kipimo ni rahisi na kinahesabika: ni safari ngapi ameepushwa, na ni siku ngapi zimepita tangu alipowasilisha maombi ya namba ya utambulisho hadi alipoipata. Takwimu hizo zimo ndani ya mifumo yenyewe. Zikitangazwa kwa kila wilaya, kama yanavyotangazwa makusanyo ya mapato, mwananchi wa Kalya ataweza kuona kama Serikali imemsogelea kwa kasi ileile iliyomsogelea mwenzake wa Dodoma.

Kwa sasa, wananchi wanayo hatua iliyo mikononi mwao: kusajili vizazi mapema, kuhakikisha jina na tarehe ya kuzaliwa vinafanana katika cheti, shule na NIDA, na kutunza nywila kama wanavyotunza namba ya siri ya fedha za simu. Tofauti ya herufi moja katika jina, ambayo karani wa zamani angeisamehe, kwa kompyuta ni mtu mwingine kabisa.