Motere ya zamani ao motere mupya: dekonte yetu isikufie mu garaje



Kila mara kompani inapopunguza watu, ao kontra ya mutu inapoisha, mabishano ni yale yale. Mu bisi ya kazi, mu kantini, ku mulango wa mugodi, watu wanagawanyika sehemu mbili. Hawa wanasema: «Ununue Starlet, motere ya zamani njo motere.» Wale wanajibu: «Zamani ilipita, ununue IST, inakula esanse kidogo.» Mutu iko na dekonte finale mu mukono, anafuata mwenye sauti kubwa, anaenda kununua taksi. Nyuma ya miezi michache motokari iko juu ya matofali, feza imeisha, watoto wanarudishwa ku masomo juu ya minerval.

Sendika haiuzishe motokari. Lakini ile feza ni jasho la miaka kumi, makumi mbili, na mara nyingi inaingia mu motere. Basi motere ni neno la sendika pia. Tuiangalie vile iko.

Starlet ya mwisho, ile Toyota ilitengeneza mpaka 1999, mara nyingi inabeba motere 4E-FE: silinda ine, santimeta kubu 1.331, nguvu ya farasi 85. IST ilitoka mu 2002. Ile ya 1.3 inabeba 2NZ-FE: silinda ine vilevile, santimeta kubu 1.298, nguvu ya farasi 87. Muone wenyewe: farasi mbili tu zaidi. Tena Starlet iko na uzito wa karibu kilo 800, IST inagusa kilo 1.000. Mwenye kukuambia IST ya 1.3 inapita Starlet sana kwa nguvu, anakuuzia rangi. Na hapa kwetu Kolwezi, ku urefu wa karibu meta 1.400 juu ya bahari, hewa ni nyepesi: ile motere zote mbili zinapoteza zaidi ya sehemu moja ya kumi ya nguvu yao. Kupanda mulima na watu sita ndani, hakuna mwenye kucheka mwenzake.

Tofauti ya kweli iko ndani.

Bloku ya Starlet ni ya fonte, chuma kizito. Silinda zikilika, fundi anaweza kuzipanua kidogo, kutia pistoni kubwa na segma mupya, motere inarudi ku kazi. Bloku ya IST ni ya aliminyo, ndani mwake kuko shemize ya chuma nyembamba sana. Haikufanywa kwa kupanuliwa. Ikilika, watu wengi wanatafuta motere nzima ya okazyo, na hakuna mwenye kujua ile okazyo nayo imetembea kilometa ngapi.

Starlet inazungusha arbre a kame kwa kurua. Kurua ni kitu cha kubadilisha: karibu kilometa 100.000, unatoa ya zamani, unatia mupya, bila kungojea ikatike. IST iko na sheni ya chuma. Wauzaji wanasema: «Sheni haiishe.» Ni kweli nusu. Sheni inaishi ndani ya mafuta ya motere. Mafuta yakiwa meusi na mazito, sheni inalika, inarefuka, inaanza kulia asubuhi ukiwasha. Tena IST iko na ile VVT-i: presha ya mafuta njo inageuza kidogo arbre a kame, supapu za kuingiza hewa zifunguke mapema ao kwa kuchelewa kufuatana na mwendo. Njia za yale mafuta ni ndogo. Uchafu ukiziba, motere inakosa nguvu, inakula esanse, na mekanisiye wa kando ya njia anaanza kubadilisha piese moja moja kwa feza yako.

Kwa hiyo maneno ni haya: motere ya zamani inasamehe, motere mupya inalipa. Ya zamani inavumilia fundi mwenye ufunguo na nyundo, na fundi wake anapatikana mu kila kartye. Mupya inakupatia esanse kidogo na moshi kidogo, lakini inaomba mafuta mazuri, kwa wakati wake, kila mara.

Tufanye hesabu. Tuseme faida ya motere mupya ni lita moja tu kwa kilometa 100. Taksi inayotembea kilometa 150 kwa siku inabakisha lita moja na nusu. Kwa siku 26 za kazi, ni lita 39 za esanse kwa mwezi. Motere ya IST inakunywa karibu lita ine za mafuta ku vidanje moja. Ile faida inaweza kulipa vidanje, na filtre juu yake. Lakini ikikuliwa yote, na vidanje ikangojea «mwezi kesho», basi faida ni deni, na deni lile utalilipa siku sheni itashindwa.

Hapa njo ninashangaa sisi wenyewe. Ku kazi, sharjeze ikifikisha saa 250, inasimama: mafuta, filtre, grisi. Hakuna shefu wa garaje anayesema «bado inatembea». Tunajua ile kazi, wengine wetu njo tunaifanya kwa mikono yetu. Halafu tunarudi ku nyumba, tunatia mu taksi yetu mafuta ya kupimwa mu chupa ya maji, maji ya kisima mu radiatere, na filtre ya hewa inajaa vumbi nyekundu mpaka inafanana na tofali. Mashine ya kompani tunaiheshimu. Mashine ya watoto wetu tunaiua.

Wazee wetu waliisha kuona haya. Mu 2003 na 2004, wafanyakazi zaidi ya 10.000 wa Gécamines walitoka mu kazi kwa mupango wa kutoka kwa mapenzi, na Banque Mondiale ilitoa feza. Wamoja walinunua motokari za okazyo juu ya kufanya taksi. Motokari zilikufa, feza haikuwa tena ya kuzifufua. Halikuwa kosa lao tu: walipewa feza, hawakupewa mashauri ya kutosha. Leo sisi tunaweza kufanya vizuri zaidi.

Kama unaenda kununua, ya zamani ao mupya, ufanye hivi. Ufike asubuhi, mbele motere haijawashwa, na usikie sauti yake ya kwanza. Ufungue kifuniko cha mafuta: ukiona matope meusi, urudi kwenu. Uzungushe ufunguo bila kuwasha: taa ya motere ku tablo inapaswa kuwaka, halafu izimike ukiwasha. Kama haiwake hata kidogo, pengine mutu aliitoa juu ya kukuficha ugonjwa. Usiamini konteri ya kilometa, mikono mingi imeipitia tangu Dar es Salaam mpaka Kasumbalesa. Na usimalize feza yote ku bei: ubakishe ya vidanje, ya kurua kama ni Starlet, ya pine na ya karatasi za barabara. Kama hakuna kinachobaki, ile motokari haiko ya kipimo chako.

Wewe mama, uombe kuona daftari ya vidanje sawa vile unaomba kuona verseman ya shofere. Dekonte ni ya nyumba, haiko ya baba peke yake.

Na sisi wa delegasio sendikale, tuko na kazi yetu. Mu mazungumuzo yanayokuja na wakubwa wa kazi, tuombe mambo mawili. Moja: mbele ya kulipa dekonte, mufanyakazi na bibi yake wapewe siku za mafundisho juu ya feza, mu luga wanayosikia. Mbili: mekanisiye wetu wapewe ruhusa, siku moja kwa mwezi, kupima motokari ya mwenzao anayetaka kununua. Haitauma kompani yoyote. Kila delege alete majina ya mekanisiye wenye kukubali ku mukutano wa mwezi kesho. Tutaanza nao.