Vane ya nusu inatuletea ugomvi wa maji



Kila kiangazi tunaitwa kusuluhisha ugomvi uleule. Wa juu wanasema hawakugusa kitu. Wa chini wanasema vitunguu vinakauka na maji yanaishia kwa jirani. Tunafika, tunakaa chini ya mti, kila mtu anaongea, kamati inaandika karatasi. Halafu tunaenda kuangalia vane ya tiyo, na mara nyingi jibu liko palepale: imeachwa nusu muda mrefu, imelika, haifungi tena. Tulikuwa tunatafuta mwizi kati ya watu, kumbe maji yanapitia mu chuma kilichoharibika. Na hicho chuma, mara nyingine ni sisi tulikiweka.

Tuseme ukweli. Miaka kadhaa nyuma, mu koperative moja ya bonde la Ruzizi ambayo hatutaitaja jina, sisi maagronome tulichora mpango wa maji ya mboga: bwawa dogo, tiyo moja kubwa, matawi manne, kila tawi na vane yake. Devi ilipita feza tuliyokuwa nayo, ikabidi tupunguze. Tulipunguza wapi? Kwa vane. Tulinunua za bei ya chini, zote aina moja, na tukawaambia watu: walio karibu na bwawa wafungue nusu, walio mbali wafungue yote, maji yatatosha wote. Msimu wa kwanza ilienda vizuri, hata tulipiga picha. Msimu wa pili vane za juu zilianza kulia, sauti kama changarawe inapita ndani. Msimu wa tatu hazikufunga tena. Maji yakapita usiku na mchana upande wa juu, hata kwa wenye hawakuyahitaji, na familia za mwisho wa tiyo zikavuna vitunguu vidogo kama kidole gumba. Mzee mmoja wa upande wa juu aliitwa mwizi mbele ya watu, siku ya soko. Hakuwa ameiba hata bido moja. Ilituchukua muda mrefu kuelewa, na muda mrefu zaidi kwenda kumwambia.

Ile aina tuliyonunua ni vane ya mlango. Mnaijua hata kama jina ni geni: inafanya kazi sawa na ule ubao mnaoshusha mu mfereji wa mpunga. Ndani yake kuko kibao cha chuma. Ukizungusha gurudumu, skrubu inakipandisha mpaka kinatoka kabisa mu njia, na maji yanapita wima kama vile hakuna kitu. Hiyo ndiyo sifa yake, ikifunguliwa yote haikuli nguvu ya maji. Ilitengenezwa kwa kazi mbili tu, kufungua yote na kufunga yote. Ukiiacha nusu, maji yanapita kwa kasi chini ya kibao, kibao kinatetemeka, mchanga unakwangua ukingo wake pamoja na kiti chake, na pole pole vyote vinalika. Siku unataka kufunga, kibao kinashuka lakini hakikai tena vizuri. Vane inayopitisha lita moja tu kwa dakika wakati mnafikiri imefungwa, kwa siku moja imepoteza lita 1.440. Hiyo ni bido 72 za lita 20. Mwanamke gani anaweza kubeba bido 72 kwa siku?

Lakini kuko jambo lingine linalotuumiza zaidi, juu lenyewe halionekani. Vane ya mlango, hata ikiwa mpya, haigawi kwa haki. Kwenye tiyo ndefu, mizunguko ya kwanza inaleta tayari sehemu kubwa ya maji. Ukiendelea kufungua, tofauti ni kidogo. Kwa hiyo nusu ya gurudumu si nusu ya maji. Mtu wa juu anarudisha gurudumu mpaka nusu, anaapa kwamba amepunguza, na kweli amezungusha kwa mikono yake. Wa chini anangojea, anaona maji hayakuongezeka, anaapa kwamba amedanganywa. Wote wawili wanasema ukweli. Kamati gani itakata neno hapo?

Msituamini tu, jaribuni wenyewe. Chukueni bido ya lita 20 na simu yenye saa. Ikijaa kwa sekunde 40, mko na nusu lita kwa sekunde. Zungusheni vane mpaka nusu, mpime tena, muandike namba zote mbili. Kazi ya dakika kumi, na imetuokolea mikutano mingi.

Kama mnataka kupunguza maji kwa kipimo, kuko aina nyingine, vane ya kizibo, ile inaitwa ya supape. Ndani yake maji hayapiti wima: yanapanda, yanapita mu tundu, yanashuka tena, kama herufi S. Kizibo kinashuka juu ya lile tundu, na kila mzunguko unakata maji kidogo kidogo. Robine nyingi za kuchotea maji, zile za mpira ndani, ni ndugu zake wadogo. Hii inavumilia kukaa nusu. Ubaya wake: bei iko juu, na inakula nguvu ya maji hata ikiwa imefunguliwa yote, juu ya zile kona za ndani. Mkumbuke kwamba kila mita 10 za mshuko zinatoa karibu bar 1. Kama bwawa lenu liko mita 5 tu juu ya shamba, hasara hiyo mtaisikia. Kama liko mita 50 juu, hamtaisikia sana. Na iko na mshale juu ya mwili wake, unaoonyesha maji yanakoenda. Tumekuta zaidi ya moja imewekwa kinyume.

Basi maoni yetu ni haya. Kwa koperative nyingi, ambazo bwawa haliko juu sana na feza ni kidogo, tuache kabisa kugawa maji kwa nusu. Tugawe kwa saa. Vane ya mlango ifunguliwe yote kwa mwenye zamu, ifungwe yote kwa wengine. Chuma kitadumu, na saa haina ubishi kama gurudumu.

Tunajua mtatujibu nini. Wamama wametuambia mara nyingi kwamba zamu ya usiku haiwezekani, na wana haki kabisa. Kwa hali ya usalama tuliyo nayo, nani atamtuma bibi yake shambani saa nane ya usiku? Kwa hiyo usiku vane zote zifungwe na bwawa lijae. Mchana, kutoka saa kumi na mbili asubuhi mpaka saa kumi na mbili jioni, ni masaa 12: matawi manne, kila tawi masaa matatu. Anayepata maji wakati wa jua kali anapoteza mengi kwa joto, hiyo pia ni kweli, basi zamu zibadilishwe kila juma. Bwawa likiwa dogo mno kwa mpango huu, mjue kwamba shida yenu ni bwawa, na vane ya bei yoyote haitaongeza maji. Kila vane iwekewe kadena, na funguo zikae na watu wawili, mmoja wa juu na mmoja wa chini. Mmoja peke yake akishika ufunguo, hata akiwa mtakatifu, watu watamsema.

Vijana wanatuuliza kwa nini tusiweke kila mahali vane ya mkono, ile ya kugeuza mara moja tu. Ni vane nzuri. Ndani kuko mpira wa chuma uliotobolewa; mkono ukilala sambamba na tiyo, imefunguliwa; ukikata tiyo kama msalaba, imefungwa. Hata asiyesoma anaona hali yake toka mbali, na hiyo ni faida kubwa mu koperative. Ila nayo haipendi kukaa nusu, kiti chake kinaharibika. Maji ya matope pia yanaacha uchafu pembeni ya ule mpira. Na hatari yake kubwa ni haraka. Maji yanayotembea ni mzigo mzito. Ukiyasimamisha ghafla, yanapiga tiyo kama nyundo. Mu tiyo ndefu ya chuma, maji yanayoenda mita 1 kwa sekunde, yakisimamishwa mara moja, yanapandisha presio kwa zaidi ya bar 10, sawa na uzito wa maji yaliyosimama mita 100. Tiyo ya PVC inalegea kidogo, kwa hiyo inapanda bar 3 au 4. Mtasema si mbaya. Lakini angalieni maandishi ya PVC yenu: kama ni PN 6, imefanywa kwa bar 6. Bwawa likiwa mita 40 juu, tayari mko na bar 4. Ongezeni 3 au 4 za ile nyundo. Tiyo inapasuka, na tunasema fundi aliibandika vibaya. Ukishika ule mkono, hesabu mpaka 20 huku unafunga. Vane ya mlango, skrubu yake inakulazimisha uende pole.

Wenye motopompe wanajua klape, hata kama wanaisahau mpaka siku inakwama. Ni vane isiyo na gurudumu wala mkono: maji yanaisukuma yakipita, yakitaka kurudi yanaifunga yenyewe, sawa na hewa mu gurudumu la kinga. Ile ya chini kabisa, yenye chujio, inashika maji mu tiyo ya kuvutia ili mashine isianze kavu. Jani moja likikaa kati, maji yanarudi mtoni, na kila asubuhi mnajaza tiyo kwa bido na kulaumu motopompe. Mashine ikizunguka bila maji, mpira wake wa kuzuia maji unaungua. Izungusheni klape kwa kikapu cha miti, na isilale mu matope.

Kwa maji yanayoshuka toka mlimani, neno moja tu. Pale tiyo inapopanda kilima kidogo, hewa inakusanyika juu yake na inabana maji, hata kama chemchemi imejaa. Pale juu panahitaji ventuzi, vane ndogo inayotoa hewa peke yake. Na pale pa chini kabisa panahitaji vane ya kutoa matope. Wengi walichimba tiyo nzima, mita kwa mita, wakitafuta mahali imeziba, kumbe ni hewa.

Sasa devi. Sisi wa miradi tuko na tabia mbaya: tunahesabu kwanza tiyo, simenti, mashine, na vane tunaiweka mwisho, na feza ikipungua ndiyo inakatwa kwanza. Kamati za koperative, msikubali. Kabla ya kuweka mkono kwenye karatasi ya kupokea kazi, mmuulize agronome, hata akiwa mmoja wetu: hii vane ni ya aina gani, iko hapa kwa kazi gani, na ikiharibika tutaitoa vipi bila kukausha koperative nzima? Fungeni kila vane mbele yake, mhesabu kinachopita. Ombeni vane moja ya akiba na mipira yake, ibaki mu depo yenu. Na hata vane isiyoguswa, ifungwe na kufunguliwa yote mara mbili kwa mwaka, isije ikakwama. Kama agronome anakasirika kwa maswali haya, mwacheni akasirike.

Zile vane mbili za juu tulizibadilisha, na moja tumeikata katikati kwa msumeno. Kibao chake kimelika upande mmoja kama kisigino cha kiatu cha zamani. Tunaibeba kila siku ya mafunzo, na anayetaka kuishika mu mikono aje mapema. Yule mzee aliishika wa kwanza, akaigeuza, akaangalia mwanga unapita pale inapopaswa kufunga. Halafu akaomba aende nayo nyumbani siku moja, awaonyeshe watoto wake. Ndiye anashika ufunguo wa upande wa juu siku hizi.