Manahodha wawili, tovuti moja

UE zimeisha, bumu lilishaisha siku nyingi, ila maneno bado yapo. Leo natoa dukuduku langu kuhusu tovuti zetu za Kiswahili. Wale wa ualimu msikimbie, hili linatuhusu sana tu.

Hoja yangu ni hii: tovuti ikiwa inasomwa na watu wa bando, na plagini ya kache ikagombana na ile ya kupakia fonti mapema, ya fonti ndiyo itolewe. Kache ibaki.

Kache inatunza ukurasa ambao umeshaandaliwa, ili seva isiupike upya kila mtu anapobisha hodi. Ile ya fonti inaiambia brauza ianze mapema kushusha faili la maumbo ya herufi. Kila moja peke yake ni nzuri. Ila wahenga wa pwani walishasema, manahodha wengi, chombo huenda mrama.

Niliyaona haya nikiwa field huku kwetu Kilwa. Kuna shule moja (jina nalihifadhi) inaweka fomu za kujiunga kwenye tovuti yake ya WordPress. Wazazi wakawa wanalalamika kwamba ukurasa unafunguka mweupe, maandishi yanachelewa, halafu yanakuja na sura nyingine. Kumbe plagini ya fonti ilishabadilisha jina la faili, kache nayo inaendelea kugawa ukurasa wa zamani wenye jina la zamani. Brauza inaomba faili ambalo halipo, inaambulia 404. Mtandao ukiwa wa kusuasua, maandishi yanaweza kufichwa hadi sekunde 3 wakati jibu linasubiriwa.

Kache ikafutwa, likaibuka la pili: fonti ileile inashuka mara mbili! Hapo kwa kawaida chanzo ni kimojawapo kati ya viwili. Agizo la kupakia mapema limekosa neno "crossorigin", ambalo fonti hulidai hata ikiwa kwenye seva hiyohiyo. Au anwani mbili zinatofautiana namba ya toleo mwishoni, brauza ikadhani ni mafaili mawili. Mzazi wa Songosongo analipia MB mara mbili kwa herufi zilezile. Hii haki kweli?

Kubaini siyo kazi. Fungua dirisha la faragha kwenye kompyuta, bonyeza F12, nenda sehemu ya mtandao, chuja fonti peke yake, kisha pakia ukurasa upya. Ukiona 404, au faili moja limejitokeza mara mbili, zima plagini ya fonti, futa kache yote, pima tena. Na uangalie vizuri, maana plagini nyingi za kache zina kipengele chao cha fonti. Usiwashe vyote viwili.

Najua kuna mdau atasema, "We mwalimu, unataka tovuti zetu ziwe mbaya?" Hapana kaka. Kiswahili hakina q wala x, hakina vikofia wala nukta za ajabu juu ya herufi. Simu ya bei chee kabisa ina herufi zote tunazohitaji, bila kushusha hata KB moja. Uzuri wa shule uonekane kwenye nembo, rangi na mpangilio.

Tukumbuke pia tarehe 12 Mei 2024, nyaya za EASSy na Seacom zilipokatika baharini na intaneti ikayumba nchi nzima. Siku kama zile, kila KB ya mapambo inampunguzia mtu nafasi ya kupata fomu ya mtoto wake.

Sisi walimu watarajiwa ndio tutakaokabidhiwa tovuti hizi, maana shuleni kijana akijua kuwasha kompyuta tu, tayari ni "mtu wa IT". Basi tuanze na msomaji, mapambo yafuate.

Nawasilisha. Anayepinga aje na vipimo, asije na hasira. Tupo pamoja!