Kisiwa Kisichokuwako

Ramani iliyochapwa huaminiwa upesi kuliko maneno matupu. Imani hiyo yaweza kupotosha, kama historia ya California, magharibi mwa Amerika, inavyoonyesha.

Mwaka 1539 nahodha Francisco de Ulloa alisafiri kwa merikebu hadi mwisho wa Ghuba ya California, akaona kuwa nchi kavu za pande mbili zaungana. Upande wa magharibi, basi, ulikuwa rasi. Na Mercator aliuchora hivyo katika ramani yake ya mwaka 1569. Hata hivyo, tangu miaka ya 1620 wachora ramani wengi wa Ulaya waliichora California kuwa kisiwa, wakinakiliana bila kupima. Kosa likapata heshima kwa wingi wa nakala zake.

Mwaka 1699 wenyeji walimpa padri Eusebio Kino makombe ya buluu ya Bahari ya Pasifiki, mbali na bahari hiyo. Yalifikaje huko, kama hapakuwa na njia ya nchi kavu? Kino akaenda kuchunguza, na ramani yake ikachapwa mwaka 1705. Ubishi haukwisha, mwaka 1747 ilimlazimu Mfalme Ferdinand wa Sita wa Hispania kutangaza kuwa California si kisiwa. Wenyeji waliobeba makombe walikwisha kuijua njia.

Hapana budi mwanafunzi azoezwe kuiuliza kila ramani: nani aliyepima, na nani aliyenakili tu? Shule inayotoa alama kwa unadhifu wa kunakili peke yake yalea wachoraji wa kisiwa kile kile.