Ujasiri wa Mali na Kasumba ya Uvivu

Limezuka neno katika vinywa vya wasomi wetu, nalo limeenea upesi kuliko maana yake. Neno lenyewe ni ujasiriamali. Limeungwa kwa maneno mawili ya kwetu, jasiri na mali, na kwa muundo wake hatuna ugomvi nalo. Ugomvi wetu ni na mafunzo yanayofuatana nalo. Wako wahadhiri wanaokwenda vijijini kuwaambia wananchi kwamba umaskini wao ni fikra zao, na kwamba siku watakapoamini kuwa wao ni matajiri, utajiri utawajia. Na wafikapo katika nchi ya Pwani huongeza jambo la pili: kwamba mtu wa Pwani ni mvivu wa asili, apendaye ngoma na baraza, asiyejua kesho. Twaandika makala haya kuyakataa mafunzo hayo yote mawili. Kisha, kwa kuwa kukataa peke yake si kazi, tutaeleza ni imani ipi hasa imfaayo kijana atakaye kuishi kwa biashara yake mwenyewe.

Tuitazame Kerege, kijiji kilicho kando ya barabara itokayo Dar es Salaam kwenda Bagamoyo, ukishapita Bunju na Mapinga. Katika miaka ya mwanzo ya Uhuru Kerege ilikuwa miongoni mwa mahali palipochaguliwa pawe makazi mapya ya mfano, na zao lake kubwa lilikuwa korosho. Wataalamu wa Benki ya Dunia walikuwa wameshauri kwamba mkulima wa Tanganyika hawezi kubadilika akiwa pale alipo, bali lazima ahamishwe, apewe vyombo vya kisasa, na asimamiwe. Mpango wa Kwanza wa Miaka Mitano, ule wa 1964 hadi 1969, ulikusudia kuanzisha makazi ya namna hiyo zaidi ya sitini. Lakini mwaka 1966 Makamu wa Pili wa Rais, Ndugu Rashidi Mfaume Kawawa, alitangaza kwamba mpango huo hautaendelezwa. Gharama zilikuwa kubwa mno, na tena katika makazi mengi walowezi walianza kujiona vibarua wa Serikali badala ya wenye shamba.

Somo gani lililomo humo? Mtu akinyang'anywa uamuzi hunyang'anywa pia moyo wa kazi. Atakayeamua lini palimwe, nini pandwe na deni kiasi gani likopwe ndiye mwenye shamba, hata kama jina lililoandikwa ni la mwingine. Basi mhadhiri anayekuja leo kuwaambia watu kama hao kwamba walikosa fikra za kujitegemea, na aseme kwanza ni nani aliyewatangulia kufikiri kwa niaba yao.

Tuchukue korosho yenyewe, maana ndiyo shahidi asiyepinda. Katika msimu wa 1973/74 Tanzania ilivuna korosho zaidi ya tani 140,000. Katika msimu wa 1986/87 mavuno hayakufika tani 20,000. Je, wakulima walipoteza imani na ujasiri wao katika miaka kumi na mitatu? La. Watu walihamishwa katika vijiji vipya wakaiacha mikorosho yao mbali na kwao. Bei aliyolipwa mkulima ilikuwa ndogo. Na ugonjwa wa ubwiri unga ukaishambulia miti ikakosa mtu wa kuitunza. Kisha biashara ilipofunguliwa katika miaka ya 1990, na salfa ya kunyunyizia ikapatikana, mavuno yalipanda tena, hata katika msimu wa 2017/18 yakapita tani 300,000. Wakulima walikuwa wale wale na watoto wao, dini zao zile zile, ngoma zao zile zile. Kilichobadilika ni bei, dawa na soko. Mwalimu afundishaye kwamba umaskini ni fikra tu, tunamwomba awaandikie wanafunzi wake tarakimu hizo ubaoni, kisha awaulize wenyewe.

Wala tusijifanye tumesahau yale tuliyowafundisha wananchi. Azimio la Arusha la 1967 lilimkataza kiongozi kuwa na hisa, kuwa na mishahara miwili, au kupangisha nyumba, na lilikuwa na haki katika shabaha yake, kwani kiongozi asiye na kiasi huila nchi. Lakini somo hilo la viongozi lilipofika vijijini liligeuka likawa somo la kila mtu. Mwaka 1976 ilikuja Operesheni Maduka, na maduka ya watu binafsi vijijini yakafungwa ili maduka ya ushirika yashike nafasi yake. Mwaka huo huo vyama vikuu vya ushirika navyo vikavunjwa, visirudishwe na sheria mpaka mwaka 1982. Mwaka 1983 ukaja msako wa walanguzi, na wako waliokamatwa ambao walikuwa walanguzi kweli, na wako waliokamatwa kwa debe la mafuta. Mwaka 1991 Azimio la Zanzibar likalegeza masharti ya uongozi. Mtu yule yule aliyeambiwa mwaka 1976 kwamba duka lake ni unyonyaji, aliambiwa kabla ya miaka ishirini kupita kwamba umaskini wake unatokana na kukosa duka. Huyo akisitasita mbele ya biashara, tusimwite mvivu. Ana kumbukumbu nzuri.

Sasa tuje kwenye hiyo kasumba ya uvivu wa Pwani. Waliotangulia kuisema ni wakoloni, waliomwita mvivu kila aliyekataa kulima mashamba yao kwa ujira wa senti. Wanaoirudia leo ni watoto wetu wenyewe, na hilo ndilo linalotuuma. Magofu ya Kaole, karibu na Bagamoyo, yana msikiti uliojengwa katika karne ya 13, na watu hawajengi misikiti ya mawe kwa mapato ya kulala barazani. Kilwa ilipiga sarafu zake yenyewe karne nyingi kabla Mzungu hajafika. Bagamoyo ya karne ya 19 ilikuwa lango la misafara, na wapagazi kutoka bara waliingia kwa maelfu kila msimu. Biashara hiyo yote ilikwenda kwa mali ya kukopeshana: mtu alitoa nguo na shanga leo, akangoja pembe kwa mwaka au miaka miwili, na dhamana yake kubwa ilikuwa neno na jina la mwenziwe.

Lakini tusiwafiche vijana upande wa pili. Njia hiyo hiyo ya misafara ilipita watumwa katika minyororo, na wako waliotajirika kwa kuuza binadamu. Hao nao walikuwa majasiri wa mali, na ujasiri wao haukupungua hata kidogo. Hapo ndipo pana hatari ya neno hili likifundishwa bila utu. Jambazi ni jasiri, na mali anaitaka. Ikiwa tutawafundisha watoto ujasiri na mali tu, bila la tatu, tusishangae watakachotuletea nyumbani.

Na leo? Nenda Mlingotini, pwani hiyo hiyo ya Bagamoyo, uwatazame wakulima wa mwani, ambao walio wengi ni wanawake. Kilimo hicho kilianza Zanzibar kwa biashara mwaka 1989, kisha kikaenea mpaka Bara. Mama huyo hufuata maji ya bamvua yanapotoka, iwe alfajiri au jua la utosi. Hufunga mbegu kwenye kamba, hukagua vigingi, huvuna, huanika, na maji yakirudi hana la kubishana nayo. Aina ya mwani yenye bei nzuri zaidi hufa bahari inapopata joto, naye hulazimika kupanda ile ya bei ndogo. Mwenye kumwambia mama huyo kwamba anahitaji kubadili fikra, na ashuke kwanza majini pamoja naye bamvua moja tu.

Huenda msomaji akatuuliza: je, mwasema basi kwamba imani ya mtu haina kazi? Hatusemi hivyo. Tunasema imani inayofundishwa siyo. Kijana haimfai kujiamini kwa maneno ya kujisifu mbele ya kioo. Zinamfaa imani tatu, nazo zote tumezirithi, ila tumeacha kuzifundisha.

Ya kwanza ni kwamba mtaji si chakula. Wazee walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na katika methali hiyo mna elimu kuliko semina nyingi. Muuza madafu akipata shilingi elfu kumi lazima ajue ngapi ni za kununulia madafu ya kesho, ngapi ni nauli, ngapi ni zake. Asiyeandika hudhani anapata faida kumbe anakula mtaji, na siku unapokwisha husema amerogwa. Sisi tuliozoea utunzi wa mashairi twajua kwamba shauku haiokoi ubeti uliopungua mizani. Duka nalo lina mizani yake.

Ya pili ni kwamba neno ni amana. Dawa ya deni ni kulipa. Kwa sheria ya mwaka 2018 kila halmashauri yapaswa kutenga asilimia kumi ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: nne kwa wanawake, nne kwa vijana, mbili kwa watu wenye ulemavu. Ni utaratibu mwema. Lakini mwaka 2023 Serikali ililazimika kuisimamisha mikopo hiyo kwa muda, baada ya kuonekana mikopo isiyorejeshwa na vikundi vya hewa, kisha ikaandaa utaratibu mwingine. Ajabu yake ni kwamba wanawake wa mitaani hucheza upatu miaka nenda miaka rudi bila karani wala hakimu, na zamu ya mtu haipotei. Kwa nini fedha za upatu hurudi na fedha za halmashauri hupotea? Ni kwa sababu katika upatu kila mmoja anamjua mwenye fedha. Fedha ya umma tumefundishwa kuiona kuwa haina mwenyewe. Hapo ndipo pa kubadili fikra, na mabadiliko hayo yaanze ofisini kabla hayajateremka kijijini.

Ya tatu ni kwamba kesho ina wenyewe. Mkorosho hungojwa miaka kadhaa ndipo uzae vizuri, kisha huzaa kwa miongo. Aliyeupanda aliamini kesho, wala hakuwa na cheti cha ujasiriamali. Jaribio kubwa la imani hiyo katika Kerege ya sasa ni ardhi. Mji wa Dar es Salaam unakuja kwa barabara ile ile ya Bagamoyo, na wanunuzi wa viwanja hutangulia mbele yake. Mwenye shamba huuza kipande, hununua pikipiki, hufanya harusi, hupaka nyumba rangi, na jirani humwita mjanja. Kuuza shamba kunaweza kuwa biashara, lakini kwa sharti moja: fedha ile igeuke kuwa chombo kingine kizaacho. Isipogeuka, si biashara ile, ni mazishi yenye ngoma. Mtoto wa huyo muuzaji, ambaye leo yuko kidato cha pili, ndiye atakayekuwa mlinzi wa geti katika shamba la babu yake. Hatusemi haya kwa dhihaka. Twayasema kwa sababu muda wa kuyazuia bado upo.

Wako pia walioacha kupanda kwa kungoja. Mwaka 2013 ulitiwa saini mkataba wa bandari kubwa ya Bagamoyo pamoja na Wachina. Mwaka 2019 mradi ukasimama. Mwaka 2021 ukaanza kutajwa upya. Bandari ikija tutaipokea kwa mikono miwili. Lakini mvuvi hakuning'iniza nyavu zake miaka yote hiyo, wala mama wa mwani hakukunja kamba zake. Matumaini ya mradi si kazi, na bei ya kiwanja iliyopandishwa na uvumi si mali.

Kwenu walimu, basi, tuna ombi lisilohitaji fungu la fedha. Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967 ilitupa mashamba ya shule, lakini mara nyingi mwanafunzi alipewa jembe asipewe daftari: alilima, akavuna, asijue mavuno yaliuzwa kwa kiasi gani wala fedha ilikwenda wapi. Somo alilolipata humo ni kwamba kazi ni ya mtoto na hesabu ni ya mkubwa. Ligeuzeni somo hilo. Bustani ya mchicha ya shule iwe na daftari la wazi; wanafunzi wenyewe waandike mbegu, samadi, mauzo na hasara; na kila mwisho wa mwezi lisomwe mbele ya shule nzima, mwalimu mkuu akiwa amekaa miongoni mwa wasikilizaji. Wakipata hasara, waachwe waitafute ilikotoka.

Nanyi wanafunzi, atakayekuja kuwaambia kwamba ninyi ni maskini kwa sababu ya kabila lenu, pwani yenu au fikra za wazazi wenu, msikilizeni kwa adabu, maana ni mgeni. Akimaliza, mwombeni awaonyeshe daftari lake.