Bomba la moshi bila kurekebisha kabureta: hasara kwa motari, hofu kwa wahami

Goma: Baadhi ya wamotari huondoa bomba la moshi lililotoka kiwandani na kufunga jingine lenye mlio mkubwa, wakidhani pikipiki itapata nguvu bila kazi nyingine. Si hivyo.

Bomba lililo wazi hutoa moshi upesi, na hewa ndani ya injini inazidi esansi. Pikipiki nyingi za teksi zina kabureta, nayo haijirekebishi yenyewe. Injini inapata moto kupita kiasi, buji inakuwa nyeupe, na motari akiachia gazi, bomba linalia kama risasi.

Kwa familia zilizokimbia vita, mlio huo si mchezo. Usiku mtoto anashtuka, mama anatafuta pa kukimbilia.

Bomba linalofanana na la zamani halihitaji mengi. Lililo wazi linahitaji fundi apanue njia ya esansi kwenye kabureta, kisha atazame buji: rangi ya kahawia ni dalili njema. Milipuko itapungua, lakini kelele itabaki. Kwa motari anayetafutia watoto chakula, bomba la kiwandani linatosha: linalinda injini yake na usingizi wa jirani.