Walimu, tuchunge neno "lazima"

Muhula mmoja, nikiwa nyumbani Embu, alinijia mama jirani ameshika ripoti ya mwanawe aliyesoma katika shule moja ya bweni upande wa Meru. "Mwalimu, hebu nisomee hapa," akaniambia. Kijana alikuwa amepanda ghafla katika Hisabati, na mwalimu wa darasa akaandika kwa Kiingereza kwamba "must have copied". Dadake alikwisha kumtafsiria mama: "Lazima alinakili." Kijana alikwisha kuadhibiwa.

Sikumlaumu mtafsiri. "Must" ya Waingereza hufanya kazi mbili: hutaja wajibu, na pia hukisia kutokana na dalili. Kiswahili kimezitenga kazi hizo. Wajibu una "sharti", "hana budi" na "inampasa". Dhana ina "huenda", "yamkini", "yaelekea", na kwa mwenye yakini zaidi, "bila shaka". Tunapoitwika "lazima" mzigo wa dhana, shuku ya mtu mmoja hugeuka hukumu, na aliyeshuku haonekani tena. Lau mwalimu yule angaliandika, "Nashuku alinakili," mama angaliuliza papo hapo: unashuku kwa nini?

Waama, hilo si neno pekee linalotuponza. Kuna "could do better", ambayo sijui ni ripoti gani hapa nchini isiyokuwa nayo. Kwa sikio la Mwingereza ni lawama ya upole: uwezo upo, bidii haipo. Sisi huitafsiri "angeweza kufanya vyema zaidi", nalo sikio la Mswahili hubaki likingoja "lau". Lau nini? Lau asingefukuzwa kwa sababu ya karo? Lau asingeshinda shambani akichuma majani chai, au miraa kwa wale wa Meru? Kiambishi "-nge-" hudai sharti lake, nasi twaandika nusu ya sentensi na kumwachia mzazi nusu iliyobaki, ilhali nusu hiyo ndiyo ingetuonyesha kama mwalimu anamjua mwanafunzi wake au anamtazama tu.

Nanyi wanafunzi, litazameni jambo hili katika insha zenu. Twasema "anaweza", mtu akiwa mtenda; lakini twasema "inampasa", "imembidi", "yamlazimu", na wajibu humjia mtu kutoka nje. Kiingereza humweka mtu mahali pamoja katika hali zote mbili. Msikubali tofauti hiyo ipotee.

Katiba ya 2010, kifungu cha 7, imekifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi sawa na Kiingereza. Kwa nini basi maoni kuhusu mtoto wa mkulima wa Runyenjes au Nkubu yasiandikwe kwa Kiswahili? Ningependa vyuo vya walimu vya Kigari na Meru vitenge japo kipindi kimoja cha kuwafunza wanagenzi kuyaandika.

Mama yule aliniomba nimwandikie jibu. Niliandika sentensi moja, nikimwuliza mwalimu alichokiona siku ya mtihani. Jibu halikuja.